Namna ya Kumpima Mgeni wa Siberia Lamboni Ngulyati

Ukitaka kumpima kitwitwi, anza na ng'ombe. Ndege huyu ni wa matope, na Usukumani fundi wa matope ni ng'ombe anayeshuka lamboni kunywa. Anakanyaga ukingo, anaacha samadi, wadudu wanajaa, na mgeni anakuta chakula kimeiva. Kuanzia Septemba hadi Aprili, simama Ngulyati, mkoani Simiyu, kando ya lambo au jaruba lenye maji kidogo utafute vijidege vya kijivu vinavyodonoa matope kama cherehani. Yule mdogo kuliko wote ni Calidris minuta, aliyezaliwa kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, huko Siberia.

Usikimbilie wavu. Utafiti wa wanyamapori Tanzania unahitaji kibali, nacho hupitia taasisi mbili za serikali, COSTECH na TAWIRI. Ukishakipata, nenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa wenye mifugo. Sema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kwanza; karatasi baadaye. Mtu anayekaa gizani na tochi karibu na zizi la watu anastahili kuulizwa maswali, na ajibu vizuri. Vijana watauliza kama mnawala ndege hao. Waonyeshe ndege mkononi, na swali hilo litazaa mengine mazuri zaidi.

Nyavu ni nyembamba, nyeusi, na hutegwa usiku usio na mbalamwezi. Zikague mara kwa mara. Vitwitwi wakishikiliwa muda mrefu, hasa wenye miguu mirefu, misuli ya miguu hukakamaa na ndege hawezi tena kusimama. Mgeni aliyevuka Sahara asife kwa sababu wewe ulikuwa unamalizia chai.

Sasa pima. Rula ya bawa ina kizuizi kwenye sifuri: kiegemeze kifundo cha bawa hapo, lilaze, linyooshe, usome milimita. Mdomo na mguu vipime kwa kalipa. Kisha mtie kwenye kifuko cha kitambaa (Simiyu ndiyo nchi ya pamba, kitambaa kisiwe shida) umpime uzito, ukitoa uzito wa kifuko. Halafu fungua bawa uhesabu manyoya makubwa ya kurukia, 10. Kila moja lipe alama: kuukuu ni 0, jipya lililokamilika ni 5. Jumla ikifika 50, amemaliza kubadili manyoya. Kazi hiyo ndege mzima huifanya huku kwetu, kwa chakula cha huku kwetu.

Namba ya uzito ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Calidris minuta katikati ya msimu ana gramu ishirini na ushei. Safari ikikaribia, anaweza kupita 30. Ziada hiyo ni mafuta, na mafuta hayo ndiyo nauli yake ya kurudi kaskazini. Mwaka 1970 Pearson, Phillips na Backhurst walichapisha uzito wa vitwitwi waliokamatwa Kenya, na mwaka 1981 Pearson aliandika juu ya Calidris pugnax wa Bonde la Ufa, ambaye dume ni mkubwa kuliko jike kiasi cha kudhani ni ndege wawili tofauti. Kwa ndege huyo, andika jinsia. Bila hiyo wastani wako hauna maana. Lambo likifukiwa au likijaa sumu ya shambani, jedwali la uzito litaeleza ni nini kimepotea, na mchungaji na mtaalamu wataweza kulisoma pamoja.

Ukimaliza, mvishe mguuni pete yenye namba na umweke chini mahali pakavu, atembee mwenyewe. Usimrushe. Anayeokota ndege mwenye pete popote aandike namba yote, tarehe na mahali.

Kama huna kibali, hesabu. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, na kazi hiyo inataka darubini, daftari na subira. Andika jina la lambo, saa, kina cha maji, na idadi ya kila aina. Usipoona hata mmoja, andika sifuri. Mwaka ujao sifuri hiyo itakuwa na thamani sawa na mia.