Yah: Taarifa ya Mteja Aliyeagizwa Kujikagua Presha ya Maji

Ndugu Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza natoa shukrani. Nilipopiga simu kitengo chenu cha huduma kwa wateja kueleza kwamba ndoo nikiitega mwanzo wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku hujaa wakati wa michezo, binti aliyepokea alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanijulisha kuwa tatizo liko ndani ya nyumba yangu. Alilijua hilo kabla hajauliza naishi mtaa gani. Utaalamu wa kukagua koki ya mtu kwa njia ya simu si wa kubezwa, nami nikakata simu, nikaita fundi, tukaanza kazi niliyopewa. Hii ndiyo taarifa yake.

Fundi bomba anayejua kazi yake haanzi kwa kuvunja ukuta. Huuliza kama udhaifu uko kwenye bomba moja au nyumba nzima. Likiwa moja tu, tuseme la jikoni, unafungua kichujio cha mdomoni, unakuta mchanga na chembe za kutu, unakiloweka kwenye siki na mambo yanaisha. Kwangu nyumba nzima inaumwa: jikoni, bafuni, chooni, mpaka bomba la uani. Hata hivyo tulisafisha vichujio vyote. Mchanga tuliopata nimeuhifadhi kwenye chupa. Naamini ni mali ya Mamlaka, kwa kuwa mimi sina mto.

Tukahamia koki kuu. Ile ya mkono haina ujanja: mkono ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikingama imefungwa. Laghai ni ile ya gurudumu. Chuma chake cha kati hukatika kimyakimya, gurudumu likaendelea kuzunguka vizuri kabisa huku geti limelala chini palepale, na anayetazama kwa nje anaona kazi inafanyika. Yangu ilikuwa nzima. Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu niliikumbuka siku nilipokuja kufuatilia barua yangu ya kwanza, iliyokuwa imetoka masijala kwenda ufundi, ufundi kwenda fedha, na fedha kurudi masijala.

Halafu tukatafuta uvujaji. Unafunga mabomba yote, unakwenda kwenye mita na kuitazama ile nyota ndogo. Ikizunguka, maji yanapotea mahali. Yangu ilitulia tuli. Iliamka siku maji yaliporudi baada ya mgao, ikazunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, wakati huohuo bomba la jikoni likikohoa pasipo kutoa hata tone. Fundi akanifafanulia: laini ikikauka hujaa hewa, maji yakirudi huisukuma hewa mbele, na mita nyingi haziulizi kinachopita ni nini. Kwa hiyo ankara yangu ya mwezi ule ina upepo ndani yake. Sidai kurudishiwa fedha. Naomba tu siku nyingine mtenganishe, upepo uwe na mstari wake, nijue bei ya uniti moja, maana kijana wangu ana baiskeli na huwa anajaziwa matairi bure.

Likabaki bomba lenyewe, la chuma, la robo tatu, lililozikwa na aliyeniuzia kiwanja. Tulipolikata tukaona kutu imejenga kutoka kila upande hadi ikabaki njia isiyofika nusu ya upana wa awali. Upana ukipungua kwa nusu, nafasi ya maji kupita hubaki robo, na msuguano nao unaongezeka. Hapa nikaanza kumwonea haya binti wa simu: pengine alisema kweli. Nikatumia fedha iliyokuwa ya ada ya shule, nikaweka plastiki mpya kutoka mita hadi jikoni. Matokeo ni mazuri. Maji machache yaleyale sasa yanafika bila usumbufu.

Ndipo nikanunua geji ya presha. Nakiri hapa nimevuka mipaka ya mteja, kwani mkononi mwa raia chombo hiki ni cha uchochezi. Tuliifunga kwenye bomba la uani, la kwanza baada ya mita yenu. Saa nane usiku ilisoma bari mbili na ushee. Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima unapokoga, sindano haikugusa nusu bari. Nyumba yangu, Ndugu Mkurugenzi, hailali bondeni usiku na kupanda mlimani alfajiri. Iko palepale. Maji yakitulia bombani, geji huonyesha kimo cha tangi lenu. Yakianza kukimbia, msuguano unakula presha njiani, na unakula zaidi kadiri laini ilivyo nyembamba na watu walivyo wengi. Laini ya mtaa wetu ilichimbiwa nyumba chache za tofali la udongo. Leo inahudumia magorofa, hosteli na nyumba ya wageni yenye mabafu ya ndani, na kila mpangaji mpya ameunganishwa kwa risiti ya ofisi yako.

Kwa hesabu za shule, bari moja hupandisha maji takriban mita 10. Nusu bari ni mita tano. Simtanki langu liko juu ya mnara wa mita sita. Asubuhi maji yenu yanalitazama tu kutoka chini. Ndiyo maana nyumbani tuna zamu ya kuamka saa nane kuhakikisha linajaa, na mama mkwe, aliyekuja kupumzika mjini, yuko kwenye ratiba.

Majirani wametafuta njia fupi. Mmoja amefunga pampu inayovuta moja kwa moja kwenye laini. Pampu haizalishi maji, inamnyang'anya wa pembeni, naye wa pembeni akanunua kubwa zaidi, na sasa mtaa unashindana kwa nguvu za mota. Mimi nisiye na pampu ndiye ninayewafadhili. Ubaya zaidi ni kwamba laini ikivutwa hivyo, presha yake inaweza kushuka chini ya ile ya hewa, na hapo kila ufa wa bomba unageuka mdomo wa kunyonya. Laini yetu inapita kando ya mtaro. Sihitaji kukueleza kinachopita mtaroni.

Nyufa zenyewe tunazifahamu kwa majina. Ule wa kona ya shule umedumu hadi una bustani ya mchicha na vijana wanaoosha bodaboda. Alfajiri unarusha maji kwa nguvu ambayo bafuni kwangu tumeisahau, maji yaliyokwisha kuvutwa, kuchujwa na kutiwa dawa kwa gharama yenu. Niliutolea taarifa. Nikapewa namba ya kumbukumbu, kisha ujumbe kwamba tatizo limetatuliwa na niipime huduma kwa nyota. Nilitoa nyota zote, nikihofia mkikasirika mtakuja kuziba na mchicha utapanda bei.

Naomba nikupe mwenzako wa kushauriana naye. Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kusimamia maji ya jiji la Roma. Alikuwa mzee mwenye heshima, amewahi kuwa gavana wa Uingereza, angeweza kukaa ofisini akasaini. Badala yake aliikagua mifereji na kupima maji yanapoingilia. Akakuta yanayoingia ni mengi kuliko daftari linavyokiri, na njiani yanaibwa kwa mabomba ya siri chini ya mitaa, wafanyakazi wa maji wenyewe wakihusika. Akayaandika yote katika kitabu kinachosomwa hadi leo. Aliona ni fedheha kwa mkubwa kuendesha ofisi kwa kuelekezwa na wasaidizi wake. Nakuhakikishia hakuwa na kitengo cha huduma kwa wateja.

Kwa kuwa mimi nimekamilisha ukaguzi wa upande wangu, naomba ofisi yako nayo ijikague kwa utaratibu uleule. Mjiulize kama ni nyumba moja au mtaa mzima. Mfungue chemba ya koki iliyo karibu na msikiti, ambayo inasemekana haijafunguliwa yote tangu ukarabati wa barabara. Mfunge geji juu kilimani na bondeni, asubuhi na usiku, mlinganishe. Mpime maji yanayoingia mtaani, mjumlishe mita zetu, mtoe. Kitakachobaki kiko kwenye mchicha, au kiko kwa mtu mnayemfahamu. Geji nitawaazima. Siki pia imebaki.

Wako katika foleni,

Mteja wa mwisho wa laini

N.B. Yule kijana anayesoma mita, msimhamishe. Katika Mamlaka nzima ni yeye peke yake anayefika kwangu kila mwezi bila kukosa, na kilima anakipanda kwa miguu.