Mbele Kuna Nafasi

Nimewahi kusafiri kurudi nyuma katika wakati. Sikuhitaji mtambo wowote. Nilikuwa na simu ya laini mbili na kitanda cha wageni nyumbani kwa dada yangu, Mabamba, wilayani Kibondo.

Mabamba imepakana na Burundi, na wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja: sisi tukisema saa mbili asubuhi, wao ndiyo kwanza saa moja. Usiku ule, mimi nikikoroma, simu yangu ilichungulia dirishani, ikaona mnara wa jirani unapatikana vizuri kuliko wa kwetu, ikahamia huko bila kuaga. Ikarudisha saa nyuma, ikanitumia ujumbe wa kunikaribisha Burundi, ikalala. Kengele niliyoitega saa kumi alfajiri ililia saa kumi kamili, ya Burundi. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja, na kosta niliyokatia tiketi ilikuwa inaondoka Kibondo mjini saa kumi na mbili.

Mwaka 1895, Mwingereza H.G. Wells alitoa riwaya ya mtu aliyeunda mashine ya kusafiri katika wakati. Angezaliwa Mabamba, angeokoa vyuma vingi.

Kilichoniuma zaidi ni safari yenyewe. Nilikuwa nakwenda Kasulu kwenye kusanyiko la siku moja la wapenzi wa hadithi za mambo yasiyokuwapo bado: vyombo vya angani, roboti, watu wa kesho kutwa. Waandaaji walinipa ukatibu kwa sababu mwalimu wa Kiswahili hudhaniwa ana mwandiko mzuri. "Mwalimu, kazi yako ni moja," waliniambia. "Kamata maneno mazito ya wazungumzaji, utusomee jioni." Nikanunua kauntabuku mpya na kalamu mbili.

"Twende haraka, bado nina muda," nilimwambia kijana wa bodaboda, nikimwonyesha simu.

Aliitazama, akatazama mashariki kunakopambazuka, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo saa yako ya wapi?"

Swali lilinipendeza kiasi kwamba tulipofika stendi na kuikosa kosta, nilifungua kauntabuku nikaliandika ukurasa wa kwanza, kuijaribu kalamu. Hapo ndipo nilipoharibu kazi ya watu, na sikujua.

Nilipata haisi iliyokuwa imejaa tayari. Konda hakuliona hilo. "Sogeeni mbele, mbele kuna nafasi!" alipiga kelele, na huko mbele nilikuwa nayaona madumu mawili ya asali, kuku, na mzee aliyekumbatia paneli ya sola kama mtoto mgonjwa. Nikaliandika na hilo, huku nimesimama kwa mguu mmoja. Wakati huo lami ilikuwa bado vipande vipande. Tulipofika Mvugwe nilikuwa mwekundu, na tulipopita Makere hata kope zilikuwa na rangi ya tofali.

Mlangoni mwa ukumbi, Kasulu, dada wa mapokezi alinipigia makofi. "Hongera, kaka! Wewe ndiye peke yako uliyevaa. Ni mtu wa Mirihi, siyo?" Nikakumbuka kwamba kwenye kusanyiko la kwanza la dunia la mashabiki hawa, New York mwaka 1939, kuna waliotokea na mavazi ya karne zijazo, na desturi ikaendelea. Sikuwa na moyo wa kumvunja. Nikajibu kwamba ndiyo, nimetoka Mirihi, kwa kupitia Mvugwe.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwalimu mstaafu, dada mmoja mwandishi, na kijana mwenye steshenari. Saa nzima ya kwanza waligombania jina la kitu kilichotukutanisha. Kijana alitaka bunilizi ya kisayansi. Dada alitaka fasihi ya njozi. Mzee alisubiri wachoke, akashika kipaza sauti. "Sisi tuliziita hadithi. Nikisema 'hadithi, hadithi', mnajibu 'hadithi njoo'. Sasa nikisema 'bunilizi, bunilizi', nani ataitikia?"

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikaandika kwa kasi hata nikasahau kuweka jina la msemaji.

Dada naye hakuwa mtu wa mchezo. Alisema asituambie mtu kwamba Waswahili tumechelewa kwenye mambo haya. Mwaka 1951 Shaaban Robert alishaijenga Kusadikika, nchi inayoelea angani, na wajumbe wake sita waliotumwa kila upande wakarudi kufungwa jela. Mwaka 1973 Farouk Topan aliandika tamthilia ya Aliyeonja Pepo, ambamo mtu anatolewa roho kimakosa. Mwaka 1995 Katama Mkangi, katika Walenisi, alimpandisha mhukumiwa wa kifo kwenye chombo, kikamfikisha kwenye ulimwengu ambao, ukilisoma jina lake polepole, utasikia "wale ni sisi".

"Kwa hiyo," mzee alidakia, "hata mbinguni faili hupotea."

Ikaja mada ya viumbe wa sayari nyingine. Kijana wa steshenari aliuliza tutafanya nini wakitua hapa. Jeshi? Karantini? Mama mmoja kutoka Makere, aliyekaa nyuma kabisa, alinyoosha mkono. Alisema mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa karibu na kwao, waliona watu wakishuka kutoka Kongo wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani. "Hatukuwauliza wametoka sayari gani. Mgeni akishuka, kwanza muulize kama amekula."

Hakuna aliyecheka. Hilo nililiandika polepole, kwa herufi kubwa.

Mara umeme ukakatika. "Wapendwa," kijana akasema gizani, "tumerudi enzi za majenereta." Mimi niliendelea kuandika bila kuona, mstari juu ya mstari, hadi tukaachiwa twende kula.

Nje palikuwa na mama lishe mwenye ugali wa muhogo na mgebuka uliokaangwa ukakauka vizuri. Juu ya meza yake kilining'inia kibao: LEO KULIPA, KESHO KUKOPA. Nimekisoma kibao hicho maisha yangu yote, lakini siku ile, baada ya saa tatu za mjadala wa wakati ujao, nilikiona kwa macho mapya. Ukirudi kesho, unakuta tena ni leo! Nikakinakili kwa msisimko, na kengele ya kipindi cha mchana ilipolia, nikakimbilia ndani.

Jioni mwenyekiti alinisimamisha. Nilifungua kauntabuku nikakuta maneno tu, hayana wenyewe. Nikajikaza, nikasoma la kwanza lililosomeka: "Mbele kuna nafasi."

Palikuwa kimya. Kisha makofi yakaanza, yakaenea, watu wakasimama. "Fupi, lakini falsafa tupu," mwenyekiti alisema. "Nani kati yenu kasema?"

Mzee mstaafu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Nadhani ni mimi."

Sikuwa na nguvu ya kumpinga mtu wa umri wake. Nikasoma la pili: "Hiyo saa yako ya wapi?" Dada mwandishi alifikiri kidogo, akakiri kwamba mawazo hayo kweli ni yake. Nikapata ujasiri, nikasoma la tatu: "Leo kulipa, kesho kukopa."

"Ah!" kijana wa steshenari akaruka. "Hilo lipo kwa mama lishe hapo nje!"

Nilijua nimekwisha. Lakini mwenyekiti hakukasirika. "Basi naye ni mzungumzaji. Aitwe."

Akaingia anafuta mikono kwenye kanga. Mwenyekiti alimpa kipaza sauti, akamwomba atuambie, kama mwanafalsafa wa wakati, anaionaje kesho.

"Kesho nina maharage," alisema, huku macho yake yakitembea kiti kwa kiti mpaka yakatua juu yangu. "Ila mwalimu huyu mwekundu ni wa leo. Amekula, hajalipa."

"Katibu," mwenyekiti akaniambia, "andika hilo."

Nikaliandika. Safari hii niliweka na jina la msemaji, na kiasi.