Kamba ya Mr. Bean Ilikuwa Ndogo

Mchekeshaji anayenionyesha mahali pa kucheka hajanichekesha. Ndiyo maana vile vicheko vya kurekodiwa vinanikera. Hapa kwetu Kilindoni, Mafia, mjomba kavishinda kabisa, kila vikilia huuliza, "Hao wanaocheka wamo chumba gani? Mbona hawajakaribishwa chai?"

Sebule ikijaa majirani, kila kichekesho hupimwa upya. Chukua Mr. Bean, yule wa Rowan Atkinson aliyeanza kuonekana kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1990. Kuna kisa ananunua kiti cha kukalia sebuleni, gari lake dogo limejaa, basi anakifunga juu ya paa, anakikalia na kuliendesha gari kutoka huko juu kwa kamba na ufagio. Wenzetu duniani walivunjika mbavu. Sebuleni kwetu watu walitulia kama wanasikiliza taarifa ya habari. Nani hapa Mafia hajaona bodaboda imebeba kochi, na mwenye kochi amelikalia? Mjomba, ambaye kabati lake lilivuka bahari kutoka Nyamisati likiwa limelala juu ya magunia ya watu, alitikisa kichwa: "Kamba yake ndogo ile. Mteremkoni itamuumbua." Breki zilipokataa, alicheka yeye peke yake. "Si nilisema?"

Joti wa Orijino Komedi naye akivaa ubibi, shangazi hamwangalii yeye, anakagua kanga. Joti huyo anaponea chupuchupu.

Lakini King Majuto hakaguliwi. Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa mtu wa pwani yetu hii, na uso wake ulifanya kazi kabla ya mdomo. Ukimtajia deni, unaliona linavyomwingia: kwanza macho, kisha shavu, mwisho pumzi. Maneno yalipofika watu walikuwa wameshacheka zamani. Wachekeshaji wengi wa sasa wanapiga kelele mapema mno. Hawana subira ya kunyamaza.

Siku moja CD ikagoma, Majuto akiwa kafumbua mdomo, neno halijatoka. Ushauri ukamiminika: ipulize, ifute kwa shati, ipake dawa ya meno. Ikapakwa. Ikaruka hadi onyesho jingine, na neno lenyewe tukalikosa. Wiki nzima kila mtu akawa na neno lake analodai Majuto alitaka kulisema. La mjomba lilikuwa kali kuliko yote. Hata sokoni wauza samaki walilichukua.

Baadaye tukaazima CD nzima kwa jirani. Tukakaa, tukasubiri, mdomo ukafumbuka, neno likatoka. Wote tukamgeukia mjomba.

"Hapo," akasema bila kusita, "Majuto amekosea."