Kuchafua Nyumba ya Hajati

Kazi yangu ni kuchafua nyumba za watu kabla hazijajengwa. Mchora ramani akishamaliza, kijana wa kompyuta hutengeneza picha ya 3D inayoonyesha nyumba kwa nje. Mwenye nyumba huitazama, akaguna: "Mbona kama katuni?" Hapo ndipo ninapoitwa.

Hajati mmoja wa Kigamboni aliniletea ya kwake, imekunjwa kama mkeka. "Mwanangu, nyumba nimeipenda, ila huyu mpangaji simjui." Mbele ya geti alikuwa anapita mzungu mwenye koti zito na skafu, kikombe cha kahawa mkononi. Kando yake mti ulikuwa ukipukutisha majani mekundu. "Na hilo kanisa kwenye dirisha la sebule, limejengwa lini mbele ya kwangu?"

Nikamweleza kwamba anga la kwenye picha ile, linaloakisiwa na vioo, halikuchorwa. Ni picha halisi iliyopigwa kuzunguka pande zote, na mwanga wake ndio unaoangaza nyumba. Ikipigwa Ulaya, vioo vya Kigamboni vitaakisi Ulaya, makanisa yakiwemo.

Jua nalo lilikuwa na mambo yake. Ukiifungua SketchUp, programu ya kuchorea 3D, bila kuiambia uko wapi, huamini kiwanja chako kipo Boulder, Colorado, ambako jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam ipo takriban digrii 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri yetu jua huwa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka; huhamia kusini katikati ya Oktoba na kurudi mwanzoni mwa Machi. Hajati, kwa kuiamini picha, alikuwa ameshapanga kufunga sola kwenye paa la kusini.

"Kwa hiyo jua langu lipo Marekani?"

"Ndiyo, Hajati."

"Na nauli ya kulirudisha ni juu yangu?"

Nikaingia kazini. Mzungu nikamuaga, nikapanda mwarobaini na mnazi uliopinda. Kamera iliyokuwa ikiichungulia nyumba kutoka angani nikaishusha hadi mita 1.6, usawa wa macho ya mtu anayebisha hodi. Kona za kuta, zilizokuwa na makali ya kukata mkate, nikazipunguza ncha, maana hakuna fundi wa lipu anayeacha kona kali hivyo, na ule mviringo mdogo ndio unaodaka mwanga. Rangi nyeupe nikaipunguza ung'avu hadi asilimia 80. Hata ukuta uliopakwa leo haurudishi mwanga wote unaoupiga. Ukiulazimisha, nyumba inawaka kama taa ya tyubu. Vigae vya paa nikavitofautisha rangi kidogo, kwa sababu vilifanana hadi vikatia shaka.

Kisha nikafika kwenye utamu wenyewe: michirizi ya maji chini ya madirisha, udongo uliorushwa na mvua kwenye msingi, tanki la maji, nguzo ya umeme pale ilipo kweli kiwanjani.

Binti yake alipiga kelele: "Mama, hii sasa ndiyo nyumba!" Hajati akavaa miwani.

"Imechafuliwa na nani?"

"Mvua, Hajati."

"Mvua gani, na sijachimba hata msingi?"

Tukavutana. Nikaifuta michirizi mbele yake, binti akasema katuni imerudi. Nikairudisha, Hajati akauliza kama picha safi ni bei ileile. Mwisho tukaafikiana: michirizi ibaki, nguzo ya umeme iondoke. Nguzo ile hadi leo imesimama mbele ya geti, na kila mgeni huambiwa kwamba kwenye picha haipo.

Nyumba ilipofika kwenye kupaka rangi, fundi alinipigia simu akiwa juu ya jukwaa. "Kaka, hii rangi ya kijivu inayoteremka chini ya madirisha, nichanganye nini na nini? Hajati kasema tufuate picha, tusiongeze wala tusipunguze."

Nikamwambia aiache, masika yataipaka bure.

Akanyamaza kidogo. "Basi, kaka, usimwambie Hajati. Mwenzio nimeshalipwa."