Kikapu cha Kishapu Kimekuwa Kofia Ujerumani

Mama mdogo, shikamoo. Mjomba wa Nyarugusu, shikamoo. Wengine wote hapo Kishapu, mwadila!

Vikapu mlivyonitumia niuze tamashani vimeisha. Naanza na hilo ili haya mengine myasome kwa raha.

Tamasha lenyewe ni lile la Kiafrika linalofanyika hapa Würzburg tangu 1989, kwenye uwanja wa Talavera kando ya mto Main. Ndugu zetu wa Mwanza wanaujua mji huu. Miji hiyo ina udugu tangu 1966. Wenyeji waliponiambia kwamba mwaka 2013 mto ulifurika hadi tamasha likafungwa kabla ya siku zake kuisha, nikadhani wanamtisha mgeni. Nikatundika vibuyu vyangu vya shanga. Wingu likaja.

Mama mdogo, mimi ni mtoto wa Shinyanga, mkoa ambao ilibidi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uanzishwe mwaka 1986 usije ukageuka jangwa. Tumekua tukichunga pembeni mwa ngitili, yale malisho ya akiba, na kuambiwa kuwa mvua haitukanwi. Hii nimeitukana. Ila nilitukana kwa Kisukuma, heshima ya familia isipotee.

Turubai langu lilituamisha maji katikati, likawa linashuka pole pole kuelekea kichwani kwangu. Nikilisukuma kwa mti wa fagio, maji yote yanamwagikia jirani, mama wa Kisenegali anayeuza batiki. Naye si mnyonge: anasukuma la kwake, yanarudi kwangu. Mpaka jioni tulishakuwa mashoga.

Mbele yetu palikuwa na kibanda cha chakula, chenye moshi na paa la uhakika. Mnaikumbuka sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, makundi ya Bagika na Bagalu yanavyotunishiana misuli na ushindi unakwenda kwa aliyevuta watu wengi? Ndivyo tulivyokuwa. Wenzangu wa kibandani dawa yao ya mvuto ilikuwa mishikaki. Mimi nilikuwa na vibuyu vinavyogongana kwa upepo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuja bila mwavuli. Wajerumani husema hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu. Mzee huyu alikuwa ushahidi. Akachukua kile kikapu chako kikubwa cha mistari ya zambarau, akakipindua, akakivaa. Kikamkaa! Akaanza kutamba nacho mbele ya mishikaki, foleni nzima ikageuza shingo. Mara wanakuja: "Kofia ile bei gani?" Ningesemaje? Nikataja bei ya kofia.

Tatizo rangi. Zambarau ikaanza kuchuruzika, ikashuka kwenye paji la uso, ikatua kwenye ndevu nyeupe. Nikawa natafuta pa kujificha. Mzee akajitazama kwenye simu, akauliza kama ni rangi ya asili. Nikamwambia ni ya dukani, Shinyanga mjini. Akalipa bila hata kuomba apunguziwe.

Mjomba, kwenye bango niliandika pia Geita kwa heshima yako. Wateja wakawa wanachungulia chini ya meza wakitafuta dhahabu. Nimewaambia ipo, ila kwanza duara lako la machimbo litolewe maji.

Kilichonishangaza ni mtabiri wa hali ya hewa. Zamani kwetu mvua ikigoma, mtemi aliweza kung'olewa kwenye kiti. Huyu alitangaza jua, tukalowa hadi soksi, na kesho yake yuko kwenye luninga na tai mpya, anatabasamu!

Sasa kazi. Nitumieni vikapu vingine, safari hii vyenye ukingo mpana, na mama mdogo rangi uichemshe vizuri ishike. Michembe ya viazi msisahau, hiyo siuzi, nakula mwenyewe. Na Novemba mvua ikichelewa huko, msihangaike na waganga. Nitumieni nauli, nije nipange bidhaa nje bila turubai. Saa sita haifiki, mtakuwa mnaanua nguo.