Siku Niliyopanda Mbuzi

Ndugu yangu uliyewahi kuachiwa nyumba, sogea tukae. Mama Zawadi alikwenda Tanga kumwona dada yake aliyejifungua, akaniachia watoto wawili, gunia la mkaa na mama yake mzazi, ambaye mimi, kimoyomoyo tu, humwita Mkaguzi Mkuu. Jioni ya kwanza nikatangaza: leo wali wa nazi! Mkaguzi akasogeza kigoda mlangoni.

Kisu chetu ni kimoja. Hicho hicho hukata nyama, kamba ya kuanikia na, nashuku, viatu vya shule. Kitunguu hukibonyeza tu. Machozi yanakutoka na kitunguu kizima. Nikakiacha, nikapanda mbuzi. Nikakuna kwa mbwembwe mpaka meno yakalia kwenye kifuu.

“Baba Zawadi,” ikasema sauti ya kigodani, “leo tunakula nazi au vifuu?”

Kukamua sasa, kifumbu hakionekani. Kumbe kitinda mimba wetu, Mvuvi, amekitega mtaroni tangu juzi anangoja kambale. (Amepata ndala moja. Ya kwangu.) Nikachujia chujio la chai, la ukubwa wa kikombe cha kahawa, mpaka adhana ya magharibi. Nikapata tui zito na tui jepesi, nikajiona fundi.

Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Mchele nikauchemshia tui zito. Kila mtoto wa pwani anajua mchele huivishwa kwa jepesi, zito likangoja wali ukaribie kukauka, maana likikaa motoni hivi hivi linashika chini. Kila mtoto, isipokuwa mkwe wa Mkaguzi. Kisha nikapalia: makaa juu ya mfuniko kama nilivyoona wakifanya. Ya chini sikuyapunguza hata kipande. Mkaguzi aliona. Akanyamaza. Yule mama akinyamaza, jua umekwisha.

Tulipofunua, sufuria nzima ilikuwa ukoko, na mwiko ukasimama wenyewe kama mlingoti.

Nikamtuma Zawadi chipsi mayai. Mkaguzi, ambaye kwa miaka kumi huziita chakula cha wavivu, alikula sahani yake, akamalizia ya Mvuvi, akaulizia kachumbari.

Usiku Mama Zawadi akapiga simu. Zawadi akaiwahi: “Mama, baba alipanda mbuzi, tukala chipsi!” Kule Tanga nikasikia wanawake watatu wanacheka, na kichanga kimeamka kinalia.