Kamati ya Fuvu

Sisi watu wa Dar hatuwezi kupanga jambo bila kamati. Harusi kamati, kipaimara kamati, hata msiba una mweka hazina. Basi nilipotamka nyumbani kwamba Desemba tungekwenda Ngorongoro siku nne, tuone wanyama na mambo ya kale kwa nauli moja, jioni ile ile kundi la WhatsApp likafunguliwa. Shemeji akajiteua mweka hazina. Shangazi, ambaye hakuna aliyemwalika, akawa mwenyekiti.

Mimi nikapewa ukatibu. Nilichora ratiba kwa rula: siku ya kwanza njiani, ya pili kreta, ya tatu Olduvai, ya nne kurudi. Watoto walitaka simba. Mimi tangu darasa la tano nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, fuvu la Zinjanthropus, na siku yake niliipigia mistari miwili myekundu.

"Noah inafika popote," alisema shemeji, na kweli ilifika Karatu. Hapo tukaambiwa kuwa gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kushuka kreta. Shemeji akauliza, je, abiria wakisaidia kusukuma? Tukakodi Land Cruiser. Bei yake ilimeza fungu lote la chakula, ndiyo maana tulishuka na hotpoti la shangazi, chapati na kuku wa kukaanga.

Kuhusu baridi, nakiri kosa. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na katibu alikuwa ameandika "nguo nyepesi". Saa kumi na mbili asubuhi shangazi alikuwa amejitanda kanga tatu na taulo la nyumba ya wageni, ananitazama tu, hasemi.

Chini huko, mita 600 kutoka ukingoni, simba wawili walikuwa wamejilaza kwenye kivuli cha gari la watu wengine. Faru alikuwa doa jeusi kwa mbali. Shemeji hadi leo anashikilia kwamba lilikuwa jiwe. Mchana tukasimama Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Dereva akatuonya tulie ndani ya gari, maana mwewe wa pale hawana adabu. Shangazi akajibu kwamba hajawahi kula garini kama mahabusu. Akashuka, akachagua paja, akalinyanyua.

Mwewe mwenyewe sikumwona. Nilichoona ni mkono wa shangazi ungali juu, vidole vimekaa vile vile, paja halipo. Akautazama mkono. Akatazama mbinguni. "Si angeomba tu," akasema.

Siku ya tatu, siku yangu. Kwanza nikasahihishwa: jina ni Oldupai, yaani mkonge pori kwa Kimaasai, wageni ndio waliolisikia vibaya. Mwongozaji wetu, binti mdogo mwenye sauti ya ualimu, akatusimulia jinsi Mary Leakey alivyotoka na mbwa wake tarehe 17 Julai 1959 na kuona mfupa umechungulia udongoni. Mumewe, Louis, siku hiyo alikuwa kambini na homa.

"Mume kajifunika blanketi, mke yuko kazini," akasema shangazi, macho kwa shemeji.

Tukaingia makumbusho ya pale. Fuvu lile hapo! Umri wake kama miaka milioni 1.75, magego makubwa kama ya kusagia mawe. Nilikaribia kutoa machozi. Mke wangu akanong'ona kwamba meno hayo ameyaona kwenye ukoo wetu.

"Hii ni nakala," akasema mwongozaji.

"Nakala ni nini?" binti yangu akauliza.

"Fotokopi," akajibu mweka hazina.

Nikakimbilia kwenye nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6. Nazo nakala, zenyewe zilifukiwa tena hukohuko Laetoli zisiharibike. Nikauliza kwa sauti iliyobaki, fuvu lenyewe liko wapi?

"Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtaa wa Shaaban Robert."

"Dar ipi?" akauliza shangazi.

"Hiyo hiyo mliyotoka, mama."

Ofisi yangu iko Posta. Mtaa huo naupita kila siku ya kazi nikienda kwa mama ntilie kula wali maharage. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilomita 700, tumetumia magari mawili na kupoteza paja moja, ili nielekezwe mahali ninapokula mchana. Garini hakuna aliyesema neno mpaka Karatu. Huko simu yangu ikapata mtandao na ujumbe wa mwenyekiti ukaingia, ingawa alikuwa amekaa nyuma yangu:

"Kikao cha dharura Jumamosi saa nne, lango la Makumbusho. Katibu atalipia viingilio vya wote. Nauli ya daladala kila mtu ajitegemee."